Namna ya Kukadiria Gharama ya Alaina za Meno na Kujua Bima Italipa Kiasi Gani

Mtu anayeishika mkononi alaina ya meno, yaani kifaa cha kuyapanga meno, kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba kifuniko chembamba hivyo cha plastiki angavu kinaweza kugharimu fedha nyingi. Mshangao huo unaeleweka, na ndio unaowafanya wengi watafute bei ya chini kabla ya kujua bei hiyo inanunua nini, au watie saini mkataba wa matibabu kwa kutegemea neno waliloambiwa kwamba bima italipa nusu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuichambua gharama kabla ya kuanza matibabu, na jinsi ya kuusoma mkataba wa bima ili ujue kwa hesabu kiasi kitakachotoka mfukoni mwako. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema: usiruhusu kazi ya kutengeneza alaina zako ianze kabla hujashika karatasi mbili, moja ya daktari inayotaja kila kilichomo ndani ya bei, na nyingine ya kampuni ya bima inayotaja kiasi itakacholipa.

Bei inabeba nini

Alaina huvaliwa kwa mfuatano. Kila moja hutengenezwa ikiwa na tofauti ndogo na mpangilio wa meno wa wakati huo, kwa kawaida takriban robo ya milimita kwa kila jino linalosogezwa, na tofauti hiyo ndiyo inayolisukuma jino. Mgonjwa huivaa kwa saa 20 hadi 22 kwa siku, huivua wakati wa kula na wa kupiga mswaki, kisha baada ya wiki moja au mbili huhamia inayofuata. Kwa hiyo mwanya mdogo kati ya meno ya mbele unaweza kuzibwa kwa alaina chache, ilhali meno yaliyobanana sana, au taya zisizokutana sawasawa, huweza kuhitaji makumi ya alaina na zaidi ya mwaka mmoja wa matibabu. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha tofauti ya bei kati ya mgonjwa na mgonjwa, na ndiyo sababu bei aliyotajiwa jirani au mfanyakazi mwenzako haikusaidii sana kukadiria ya kwako.

Nyuma ya alaina hizo kuna kazi ambayo mgonjwa haioni. Kinywa hupigwa picha kwa skana inayochora umbo la meno kwa pande zote tatu, au huchukuliwa vipimo kwa ute maalumu unaoganda, kisha picha za eksirei huonyesha mizizi na mfupa. Mpango wa kusogeza meno huchorwa kwenye kompyuta hatua kwa hatua, kielelezo cha kila hatua huchapishwa kwa mashine, na plastiki iliyolainishwa kwa joto huvutwa juu ya kielelezo hicho hadi ishike umbo lake. Katika mlolongo huo wote, sehemu yenye thamani kubwa zaidi kwa maoni yangu ni ule muda ambao daktari anakaa mbele ya mpango na kuukosoa. Kompyuta inaweza kulionyesha jino likisogea popote, lakini mfupa na ufizi havikubali kila mwendo, na mtu anayejua kukataa mwendo usiofaa ndiye unayemlipa.

Teknolojia hii ilianza kuenea baada ya kampuni ya Align Technology kuanzishwa huko California mwaka 1997 na kuuza alaina kwa jina la Invisalign. Kwa miaka mingi hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, ziliwazuia washindani, na baadhi ya zile za mwanzo zilipoanza kuisha muda wake mwaka 2017, watengenezaji wengine wengi waliingia sokoni. Matokeo yake ni kwamba madaktari wawili wanaweza kutoa bei tofauti kwa kinywa kilekile kwa sababu tu wanaagiza kwa watengenezaji tofauti. Uliza alaina zako zitatengenezwa na nani, na daktari huyo amewatibu wagonjwa wangapi kwa alaina za aina hiyo. Swali hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Kuichambua karatasi ya daktari

Omba bei iandikwe kwa mchanganuo, wala usiridhike na jumla moja. Anza na yale yanayotangulia: kuoza kwa meno na ugonjwa wa fizi hutibiwa kwanza, na mara nyingi gharama hiyo haimo ndani ya bei ya alaina, ingawa bila ya matibabu hayo meno hayapaswi kusogezwa. Kisha uulize kuhusu picha na vipimo, idadi ya ziara, vinundu vidogo vya rangi ya jino ambavyo hugandishwa juu ya meno ili alaina ipate mahali pa kushika, na kazi ya kupunguza unene wa jino ubavuni pale nafasi inapokosekana. Uliza pia nani analipa alaina ikipotea au ikivunjika.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi, na ambalo huja kuwagharimu, ni marekebisho ya katikati na ya mwisho. Meno hayafuati mpango wa kompyuta kwa utiifu kamili. Meno yenye umbo la mviringo huzungushwa kwa shida, na jino linalotakiwa kuvutwa lishuke au lipande hubaki nyuma mara kwa mara, hasa ikiwa mgonjwa hakuvaa alaina kwa saa zilizopangwa. Hapo daktari huchukua vipimo upya na kuagiza mfululizo mwingine wa alaina. Hili ni jambo la kawaida katika matibabu haya, na halina maana kwamba daktari amekosea. Linalopaswa kukuhangaisha ni kama gharama yake imo ndani ya bei. Baadhi ya mikataba hutoa marekebisho bila ya malipo ya ziada kwa muda maalumu, mingine huweka idadi ya mizunguko, na mingine haiyataji kabisa. Mkataba usioyataja ni mkataba unaoweza kuongezeka bei wakati meno yako yamefika nusu ya safari, na wakati huo huna nguvu ya kujadiliana. Dai kifungu hicho kiandikwe, kikitaja idadi ya mizunguko na tarehe ya ukomo.

Jambo la pili linalosahauliwa ni riteina, yaani kifaa kinachoyashikilia meno baada ya kupangwa. Meno yaliyosogezwa hutaka kurudi yalikotoka, na riteina huvaliwa kila usiku kwa miaka mingi, pengine kwa muda wote mtu anaotaka meno yake yabaki yalivyo. Riteina za plastiki huchakaa na kupasuka, kwa hiyo hununuliwa tena na tena. Uliza kama jozi ya kwanza imo ndani ya bei, na jozi ya pili itagharimu kiasi gani, kisha uiingize katika hesabu yako kama gharama ya kudumu.

Utakutana pia na alaina za bei ya chini zinazotumwa nyumbani kwa posta, ambazo mgonjwa hujichukulia vipimo mwenyewe au hupigwa skani dukani bila ya daktari kumkagua kinywa ana kwa ana. Unafuu wa bei yake unatokana kwa sehemu kubwa na kuondolewa kwa ukaguzi huo. Mimi siwezi kumshauri mtu aifuate njia hiyo, kwa sababu ugonjwa wa fizi na upungufu wa mfupa hauonekani katika picha ya simu, na jino linalosukumwa ndani ya mfupa dhaifu linaweza kulegea. Kuna pia hatari ya kifedha. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa kubwa katika biashara hiyo, iliomba ulinzi wa kufilisika Septemba 2023 na kufunga shughuli zake Desemba mwaka huohuo. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu walibaki bila ya mtu wa kuyaendeleza, dhamana ya maisha waliyoahidiwa ilikoma, na waliokuwa wakilipa kwa mafungu waliambiwa kwamba walitarajiwa kuendelea kulipa.

Bima inalitazamaje suala hili

Bima nyingi za afya hulihesabu suala la kupanga meno kuwa ni la urembo na huliacha nje. Bima ya meno, pale inapouzwa kando, huweza kulikubali, lakini kwa kawaida hulitenga na huduma nyingine za meno na kuliwekea masharti yake. Kwa hiyo kusikia kwamba una bima ya meno hakutoshi. Tafuta ndani ya mkataba sehemu inayozungumzia upangaji wa meno, ambayo huenda ikaitwa othodontia, na kama huioni, pekua orodha ya mambo yasiyogharamiwa. Ikiwa neno alaina limeandikwa huko, jibu umelipata.

Ikiwa huduma hiyo imo, kitu cha kwanza cha kuangalia ni umri. Mikataba mingi huwalipia wategemezi tu, na huweka ukomo kwenye miaka 18 au 19, hivyo mzazi anaweza kuona faida hiyo ikitajwa katika mkataba wake ilhali yeye mwenyewe hastahili. Cha pili ni haja ya kitabibu. Baadhi ya mifumo hulipa pale tu kasoro ya meno inapofikia kiwango fulani cha ukali. Huko Uingereza huduma ya umma hutumia kipimo chenye daraja 1 hadi 5, na walio chini ya miaka 18 walio katika daraja la 4 na la 5, pamoja na baadhi ya wale wa daraja la 3, ndio wanaotibiwa bila ya malipo. Ujerumani nayo ina kipimo chake cha daraja tano, ambapo bima ya umma huwahudumia watoto kuanzia daraja la 3, na familia hutanguliza asilimia 20 ya gharama na kurudishiwa matibabu yakikamilika. Mifano hiyo inafaa kukumbukwa hata na asiyeishi huko, kwa sababu inaonyesha lugha ambayo bima inaielewa. Meno yaliyopinda kidogo hayaishawishi. Taya zinazoumana vibaya hadi jino linajeruhi ufizi, au hadi mtu anashindwa kutafuna, huipa sababu ya kulipa, na daktari wako anapaswa kuliandika hilo ikiwa ndilo analoliona.

Hesabu yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mkataba hutangaza asilimia kwa herufi kubwa na kuficha kikomo katika herufi ndogo. Kwa upangaji wa meno, kikomo hicho mara nyingi ni cha maisha, yaani kiasi kikubwa kabisa ambacho bima itamlipia mtu mmoja kwa huduma hii katika muda wote wa uanachama wake, na hakijazwi upya kila Januari kama kikomo cha huduma za kawaida za meno.

Chukua gharama yote ya matibabu kuwa ni sehemu 100. Mkataba wa kwanza unasema bima italipa asilimia 50, mwanachama atatanguliza kujilipia sehemu 4, na kikomo cha maisha ni sehemu 30. Ukiondoa zile 4 zinabaki 96, nusu yake ni 48, lakini kikomo kinakata malipo yafikie 30. Wewe unalipa 70. Mkataba wa pili unasema asilimia 40 tu, mwanachama hutanguliza sehemu 4 zilezile, na kikomo ni 45. Asilimia 40 ya 96 ni 38.4, ambayo haifiki kikomo, kwa hiyo bima inalipa 38.4 na wewe unalipa 61.6. Mkataba wenye asilimia ndogo ndio uliolipa zaidi. Ukiwa unalinganisha mikataba ya bima kwa ajili ya alaina, anza na kikomo, kisha ndipo utazame asilimia.

Ongeza katika hesabu hiyo kipindi cha kungojea, ambacho kwa huduma hii huweza kufika miezi 12 au zaidi tangu kujiunga. Anayefikiria kununua bima mpya kwa ajili ya alaina anapaswa kujumlisha ada atakazolipa. Ikiwa ada ya ziada ni sehemu 1 kwa mwezi, na angoje miezi 12 kisha atibiwe kwa miezi 20, atakuwa amelipa sehemu 32 ili apokee 30. Bima ya namna hiyo ina maana tu ikiwa anaihitaji pia kwa kusafisha, kuziba na kung'oa meno.

Matibabu yaliyoanza kabla ya bima kuanza kufanya kazi hukataliwa katika mikataba mingi. Anayebadili bima katikati ya safari anapaswa kuuliza jambo hili kabla ya kubadili.

Kuna pia kifungu cha matibabu mbadala ya bei nafuu zaidi. Kwa kifungu hicho, bima hukubali alaina lakini hulipa kiasi ambacho ingelilipa kwa nyaya za chuma za kupangia meno, na tofauti yote inabaki kwa mgonjwa. Ikiwa kifungu hicho kimo, mwombe daktari akupe bei za nyaya na za alaina kwa pamoja. Kwa mgonjwa anayejijua kwamba atasahau kuvaa alaina, nyaya huenda zikawa chaguo bora hata bila ya kuingiza suala la bima. Hakikisha pia kwamba daktari yumo katika orodha ya watoa huduma wanaokubaliwa na bima yako, kwa kuwa nje ya orodha hiyo asilimia hupungua au hufutika kabisa.

Namna bima inavyolipa nayo ina athari zake. Kampuni nyingi hutoa fungu la kwanza alaina zinapoanza kuvaliwa, kisha hugawa lililobaki kwa miezi ya matibabu, na mafungu hayo huendelea maadamu uanachama uko hai. Ukiacha kazi iliyokupa bima hiyo, au ada ikikatika, malipo yaliyobaki husimama hata kama kikomo hakijafikiwa, na deni kwa daktari linabaki kuwa lako. Anayetarajia kuhama kazi mwaka huo afanye hesabu ya mafungu ambayo ana hakika atayapata, asihesabu jumla yote.

Wenye bima mbili, kwa mfano mtoto aliyeandikwa kwa baba na kwa mama, waulize jinsi kampuni hizo zinavyogawana mzigo. Baadhi ya mikataba huruhusu bima ya pili kufidia kilichobaki, na mingine huipunguzia bima ya pili kile ambacho ya kwanza imekwisha kulipa, hivyo isitoe chochote.

Kuomba idhini na kufuatilia dai

Baada ya ukaguzi na kabla ya alaina kuagizwa, mwombe daktari atume maombi ya makadirio au idhini ya awali kwa kampuni ya bima. Maombi hayo huambatanishwa na picha za uso na za meno, eksirei, maelezo ya kasoro, mpango wa matibabu pamoja na muda wake, na bei. Jibu likija, lisome kwa makini: makadirio mengi husema wazi kwamba si ahadi ya malipo, na kwamba malipo yatategemea hali ya uanachama siku huduma ilipotolewa. Ukipiga simu kuuliza lolote, andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo, kisha omba jibu hilo kwa maandishi. Neno la simuni halimsaidii mtu dai linapokataliwa.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kilichotumika. Sababu nyingine ni za karatasi tu, kama vile eksirei kukosekana au tarehe ya kuanza kutoandikwa, na hizo hutatuliwa kwa kutuma tena. Ikiwa sababu ni kwamba matibabu yamehesabiwa kuwa ya urembo, mwombe daktari aandike barua inayoeleza madhara ya kasoro hiyo katika kutafuna, kutamka au kusafisha meno, akiambatanisha vipimo, kisha ukate rufaa ndani ya muda uliowekwa. Daktari asiandike asichokiona. Barua ya uongo huharibu rufaa, na huweza kuharibu uanachama wako pia.

Kwa kiasi kitakachobaki juu yako, vituo vingi hukubali malipo kwa mafungu. Uliza kama mafungu hayo yana riba, kama kulipa kwa mkupuo kuna punguzo, na itakuwaje fedha zako ukilazimika kuacha matibabu katikati kwa ugonjwa au kwa kuhama. Mahali ambapo sheria ya kodi inatambua gharama za matibabu, au ambapo mwajiri ana akaunti ya akiba ya afya, ulizia kama alaina zimo, na uhifadhi stakabadhi.

Alaina zinapoanza kuvaliwa, fungua daftari dogo lenye safu tatu: tarehe, kiasi kilicholipwa na bima, na kiasi ulicholipa wewe. Linganisha daftari hilo na taarifa za bima kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu fungu lililorukwa hugunduliwa kwa urahisi mapema, na kampuni huweka ukomo wa muda wa kuwasilisha dai. Miezi miwili kabla ya alaina ya mwisho, waulize bima mambo mawili: kama kikomo cha maisha kina salio, na kama salio hilo linaweza kutumika kwa riteina. Likiwepo, mwombe daktari awasilishe dai la riteina wakati faili la matibabu bado liko wazi.